Mtihani Usiosikia Sauti ya Mtahiniwa: Tahakiki ya Mtihani wa Umilisi wa Kijapani

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika ukurasa huu tahakiki ya riwaya, diwani au kitabu kipya cha sarufi. Safari hii tumeonelea tuhakiki mtihani. Mtihani nao ni matini: una watunzi wake, una hadhira yake, na ndani yake mna maoni fulani kuhusu lugha ni kitu gani na mtu huhesabiwa kuwa anaijua wakati gani. Tofauti ni kwamba riwaya mbaya huachwa rafuni, ilhali mtihani mbaya hulifuata darasa hadi ubaoni.

Mtihani wenyewe ni ule wa umilisi wa Kijapani, Nihongo Nōryoku Shiken kwa jina lake la asili, unaojulikana zaidi kwa herufi za JLPT. Sababu ya kuuchagua iko karibu nasi. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kila hatua ya namna hii huzua swali lile lile: mgeni, mtumishi wa umma au mwalimu mtarajiwa atathibitishaje kwamba anakijua Kiswahili? Katika mazungumzo ya walimu mfano wa Wajapani hutajwa upesi, kwa kuwa Nairobi ni mojawapo ya miji ya Afrika ambako mtihani wao hufanyika. Kabla hatujauiga, ni vyema tuusome kwa makini.

Mtihani huu ulianzishwa mwaka 1984, ukiwa na watahiniwa wapatao 7,000 ulimwenguni. Siku hizi wanaojiandikisha kwa mwaka huzidi milioni moja. Nje ya Japani husimamiwa na Japan Foundation ikishirikiana na taasisi za kila nchi. Zamani ulikuwa na ngazi nne. Mwaka 2010 ulifanyiwa marekebisho makubwa, ngazi zikawa tano, kuanzia N5 ya wanaoanza hadi N1 ya juu kabisa. Hufanyika Julai na Desemba, ingawa miji mingi ya nje hupata nafasi moja tu kwa mwaka. Mtahiniwa huketi na penseli na karatasi ya majibu inayosahihishwa kwa mashine. Maswali yote ni ya kuchagua. Hakuna sehemu ya kuzungumza, na hakuna sehemu ya kuandika.

Sentensi hizo mbili za mwisho ndizo kiini cha tahakiki yetu. Lakini haki itendeke kwanza, maana wako wanaoubeza mtihani huu bila kuufungua.

Watunzi wake si wavivu. Ukilinganisha maswali yaliyoingizwa mwaka 2010 na mazoea ya mitihani ya lugha katika shule zetu, ambako mwanafunzi bado huulizwa ataje aina za vivumishi, utaona kwamba waliwaza sana. Chukua swali linalojulikana kwa alama ya nyota. Mtahiniwa hupewa sentensi yenye mapengo manne na vipande vinne vilivyovurugwa. Avipange kichwani, kisha aseme ni kipande gani kinachokaa penye nyota. Tutunge mfano wetu. Sentensi inaanza kwa Kore wa, inaishia kwa desu, na nyota iko kwenye pengo la tatu. Vipande ni moratta, tomodachi ni, hon, na kinō. Mpangilio ni huu: Kore wa kinō tomodachi ni moratta hon desu, yaani, "Hiki ni kitabu nilichopewa jana na rafiki." Penye nyota panakaa moratta.

Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja uzuri wa swali hili. Sisi tunaanza na kitabu, halafu tunakifunga kwa kiambishi -cho- ndani ya kitenzi, na maelezo yanafuata. Mjapani anatanguliza maelezo yote, jana, rafiki, kupewa, ndipo kitabu kinatokea, na hapana kiambishi chochote kinachoviunganisha. Anayefikiri kwa mpangilio wetu atakosea. Swali moja fupi limepima urejeshi, mpangilio wa maneno na viambajengo, pasipo kumuuliza mtu fasili ya istilahi hata moja. Tungependa kuona maswali ya aina hii katika karatasi zetu za sarufi.

Lingine ni swali la kujibu papo hapo katika sehemu ya kusikiliza. Mtahiniwa husikia kauli fupi, kisha husikia majibu matatu, achague moja. Karatasini hapana kitu kilichochapwa isipokuwa namba, na kanda haichezwi mara mbili. Tuseme anasikia: Mō hirugohan o tabemashita ka? Majibu ni Hai, tabemasu. Iie, mada desu. Na Iie, tabemasen. Jibu sahihi ni la pili. Na hapa inafaa tutue kidogo, kwa sababu swali hili ni zawadi kwa mzungumzaji wa Kiswahili asiyejua kwamba amepewa zawadi. "Umeshakula chakula cha mchana?" "Bado." Mō inafanya kazi ya -sha-, na mada inafanya kazi ya bado. Wanafunzi wengi wa ukanda wetu wanaingia katika Kijapani kupitia maelezo ya Kiingereza, lugha isiyo na neno moja linalosimama peke yake kama bado linavyosimama, na hivyo wanapitishwa njia ya mzunguko kwenda mahali ambapo lugha yao ilikuwa imewafikisha. Vivyo hivyo kwa irabu. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, kama sisi, na urefu wake hubadili maana: obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi. Anayetofautisha kufa na kufaa tangu utotoni hahitaji kuhadithiwa sana.

Basi kasoro iko wapi? Iko palepale kwenye swali hilo zuri la kujibu papo hapo. Mtahiniwa amesikia swali, amelielewa, na anajua kwamba jibu ni mada desu. Lakini hakulitamka. Jibu limetamkwa na mwigizaji wa kanda, naye amefunika kiduara kwa penseli. Mtihani umekaribia mazungumzo kuliko sehemu nyingine yoyote ya karatasi, ukasimama mlangoni. Mtu anaweza kupanda kutoka N5 hadi N1, ngazi zote tano, bila mtahini yeyote kuwahi kuisikia sauti yake.

Na mkono wake nao hauonekani. Jambo hili hutajwa mara chache, nasi tunaliona zito zaidi kuliko la mdomo. Maandishi ya Kijapani ni mzigo wa miaka. Kuna hiragana na katakana, kila moja ikiwa na herufi za msingi 46. Juu yake kuna kanji, ambazo orodha ya serikali ya matumizi ya kawaida, tangu mwaka 2010, ina 2,136. Watoto wa shule za msingi huko Japani hufundishwa kanji 1,026 katika miaka sita, wakiziandika kwa mkono mara nyingi, mstari kwa mstari, kwa mpangilio maalumu. Alama moja tu, ile ya uhai na uzazi, husomwa sei, shō, i- katika ikiru, u- katika umareru, nama katika vyakula vibichi, na kadhalika. Mtihani humwonyesha mtahiniwa alama hiyo na kumpa namna nne za kuisoma achague moja, au humpa neno katika hiragana achague kanji yake kati ya nne. Kuitambua kati ya nne ni kazi nyingine kabisa na kuitoa kichwani ukaiweka kwenye karatasi tupu. Mwenye cheti cha N1 aliyejiandaa kwa mtihani peke yake anaweza kusoma tahariri ya gazeti kisha akakwama anapotakiwa kujaza anwani yake kwa mkono katika fomu. Atajitetea kwamba siku hizi kompyuta na simu huandika kanji zenyewe, na utetezi huo una uzito. Lakini hata barua ya kuchapa haimo katika mtihani huu. Hamna aya moja ya kujieleza.

Tuliposema mtihani hulifuata darasa hadi ubaoni, tulikuwa na maana hii. Kijapani hufundishwa kwa watu wengi na kwa makusudi mengi. Uchunguzi wa Japan Foundation wa mwaka 2021 ulihesabu wanafunzi karibu milioni 3.8 katika nchi na maeneo 141, China ikiongoza na Indonesia ikifuata. Katika Indonesia na Australia wengi wao ni wanafunzi wa shule, wasio na haja ya cheti chochote. Hao tuwaache. Tunaowazungumzia ni wale wa madarasa ya jioni na shule za lugha, ambao N2 au N1 ndiyo ufunguo wao wa kazi. Katika utaratibu wa Japani wa kuwapa alama wataalamu wa kigeni wanaoomba viza, N1 huleta alama 15 na N2 huleta 10. Viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza Aprili 2019, hukubali N4 kuwa ushahidi wa lugha. Kwa watu hawa kila saa ya darasa ina bei, na kila kisichotahiniwa huonekana anasa.

Tazama linalotokea kwa kitabu. Mojawapo ya vitabu vinavyotumika sana ni Minna no Nihongo, kilichotoka mwaka 1998 na toleo la pili mwaka 2012. Masomo yake ya awali ni 50, katika sehemu mbili, na kitabu kikuu hakina tafsiri: kila kitu ni Kijapani, maelezo ya sarufi yako katika kitabu cha pembeni. Ni kitabu cha adabu sana. Kwa masomo mengi mwanafunzi husema kwa umbo la heshima la -masu tu. Umbo la kitenzi linalopatikana katika kamusi hulikuta somo la 18, na namna ya kuzungumza na rafiki somo la 20. Bwana Miller, mhusika wake mashuhuri, huzungumza kama mpokea wageni wa hoteli. (Tusiwacheke. Vitabu vyetu vya wageni vimewafundisha wangapi kusema "Jambo" tupu, wakitembea nalo mjini kama beji?) Pamoja na hayo, kitabu hiki kimejaa mazoezi ya mdomo: mwalimu hutoa neno, darasa hugeuza sentensi; wawili huigiza mazungumzo dukani. Kimetungwa kwa ajili ya midomo. Darasa la kujiandaa kwa mtihani likikishika, mazoezi hayo ndiyo ya kwanza kurukwa. Kinachobaki ni mifano ya sarufi na msamiati, kisha vitabu vya mazoezi ya kuchagua, na saa ya ukutani.

Waandaaji waliliona hili. Kabla ya 2010 kulikuwa na kitabu rasmi cha viwango, kilichochapishwa mwaka 1994 na kurekebishwa 2002, kilichotaja idadi: ngazi ya chini kabisa kanji 100 na maneno 800, ya juu kanji 2,000 na maneno 10,000. Madarasa yaligeuka kuwa ghala la orodha hizo. Katika marekebisho ya 2010 waandaaji waliacha kutoa orodha, wakieleza kwamba lengo la kujifunza si kukariri maneno na kanji bali kuzitumia katika mawasiliano. Maneno mazuri. Na matokeo yake? Wachapishaji walikaa wakakisia, na leo duka la vitabu vya Kijapani lina rafu nzima za "maneno ya N3" na "kanji za N2", nyingi zikiwa zimeshonwa kutokana na orodha za zamani. Wanafunzi wanazikariri kama kawaida. Hapa tunaona funzo ambalo ufafanuzi wa mtaala hauwezi kulificha: mwanafunzi hasomi dibaji ya mtihani, anasoma maswali yake. Ukitangaza mawasiliano na kupima utambuzi, darasa litafanya utambuzi.

Kuna pia suala la haki. Zamani alama zote zilijumlishwa, na aliyefikia asilimia 60 (70 kwa ngazi ya juu) alifaulu. Msomi wa Kichina, ambaye kanji nyingi anazijua kutoka kwao ingawa husomwa kwa sauti nyingine, aliweza kufidia kwa kusoma yale aliyoyakosa kwa sikio. Tangu 2010 kila sehemu ina kima cha chini. Katika N1, kwa mfano, sehemu ni tatu zenye alama 60 kila moja. Kufaulu ni 100 kati ya 180, na hakuna sehemu inayoruhusiwa kushuka chini ya 19. Hatua hiyo tunaisifu, ila 19 kati ya 60 haifiki hata theluthi. Mtu anaweza kuwa na cheti cha juu kabisa huku masikio yake yakiwa na theluthi ya kazi. Mwanafunzi kutoka Kampala au Bujumbura, ambaye masikio na matamshi ndiyo mtaji wake wa kwanza, hana mahali pa kuuweka mtaji huo: nusu yake, yaani matamshi, haipimwi kabisa, na nusu ya pili, kusikia, inabeba theluthi ya alama.

Tangu mtihani wa Desemba 2025, taarifa za matokeo zimeanza kuonyesha pia kiwango kinacholingana katika mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha, ule wa A1 hadi C2. Tunaliona hili kwa wasiwasi. Mfumo wa Ulaya ulitungwa kueleza mtu anaweza kufanya nini kwa lugha, na kuzungumza na kuandika zimo. Mwajiri anayeona herufi C1 hatajiuliza ni stadi zipi zilizopimwa. Ataita usaili, na hapo ndipo mwenye cheti atasikika kwa mara ya kwanza.

Utetezi wa kawaida ni wa gharama, na hatuudharau. Watu milioni moja huwezi kuwahoji mmoja mmoja. Mtihani wa kuchagua husahihishwa kwa mashine, hauna mtahini aliyechoka wala mwenye upendeleo, na alama zake hulinganishwa kitakwimu ili N2 ya mwaka huu isiwe nyepesi kuliko ya mwaka jana. Haya yote ni kweli. Lakini Wajapani wenyewe wana mtihani mwingine, ule wa wageni wanaoomba kuingia vyuo vikuu, ulioanza mwaka 2002, na katika sehemu yake ya Kijapani mtahiniwa huandika insha ya herufi 400 hadi 500. Kwa hiyo kuandika kunawezekana pale wapimaji wanapoona kwamba kunahitajika. Upande wa kuzungumza, Wamarekani kupitia ACTFL hupima lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, kwa usaili wa dakika 20 hadi 30 kati ya mtahini aliyefunzwa na mtahiniwa mmoja. Ni ghali, na hauwafikii wengi. Kila mmoja amechagua anachokubali kukikosa.

Nasi tutakosa nini? Hili ndilo swali linalotuhusu kama idara. Kijapani kina kitu kimoja kinachoweza kuvumilia mtihani wa kimya kuliko Kiswahili: maandishi yake ni magumu kiasi kwamba kuyatambua tu ni umilisi mkubwa. Kiswahili hakina kinga hiyo. Anayejua alfabeti ya Kilatini anaweza kusoma ukurasa wetu kwa sauti wiki ya kwanza bila kuelewa neno. Ugumu wetu uko kwingine, katika upatanisho unaotakiwa papo kwa papo, mdomo ukiwa umeshaanza sentensi. Mjapani anapohesabu huchagua neno la kuhesabia kwa umbo la kitu: penseli tatu ni enpitsu sanbon, karatasi tatu ni kami sanmai, na -hon inageuka kuwa -pon au -bon kutegemea namba. Haya unaweza kuyapima kwa kuchagua, maana ni neno moja. Ngeli zetu hutembea sentensi nzima: viti vyangu vile vitatu vilivyovunjika vimepelekwa wapi? Ukimpa mtu sentensi hiyo imeandikwa na pengo moja, viambishi vingine vyote vinamnong'oneza jibu. Hajapimwa.

Hata heshima ni hivyo. Kijapani kina lugha ya adabu yenye maumbo yake, irassharu kwa anayeheshimiwa na mairu kwa anayejishusha, na mtihani huyauliza vizuri. Kwetu "shikamoo" ni neno moja ambalo mgeni hulijua siku ya kwanza. Kinachopimika ni kama atalitoa bila kusita anapoingia chumbani akamkuta mtahini mwenye mvi, na kama ataendelea na habari za nyumbani au atarukia shida yake moja kwa moja.

Kwa sababu hizo pendekezo letu ni kwamba mtihani wowote wa Kiswahili utakaoandaliwa katika ukanda huu uchukue kutoka kwa Wajapani ngazi tano zilizo wazi, tarehe moja kwa wote, kima cha chini kwa kila sehemu (kilicho juu ya theluthi), na maswali ya aina ya nyota. Juu yake uongezwe usaili wa dakika kumi mbele ya watahini wawili, uliorekodiwa ili mtahini wa tatu aweze kuusikiliza panapotokea mzozo, na aya moja iliyoandikwa kwa mkono. Kwa watahiniwa 60, watahini wawili watamaliza usaili kwa siku mbili. Idara yetu ina walimu wa kutosha kwa idadi hiyo, na haielekei kwamba tutapata watahiniwa milioni moja hivi karibuni. Wenzetu wanaoona kwamba hata hiyo ni gharama kubwa mno watuandikie kabla ya mwisho wa muhula; hoja zao tutazichapa katika toleo lijalo.